UZI: Mito mikubwa ya Uttarakhand (Himalaya), huko jina la mto halifuati wingi wa maji

#1 Mpanda Basi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa Nile kuna mdau aliandika kwamba mto Ganga (Ganges) "inaanzia kwenye barafu ya Gangotri, mjadala umefungwa". Nikamjibu mistari miwili, akaniambia kama najua sana nikafungue uzi wangu. Huu hapa.

Nilisoma Dehradun miaka minne. Kwa wasiopajua, huo ndio mji mkubwa wa Uttarakhand, jimbo la India lililomegwa kutoka Uttar Pradesh mwaka 2000. Juu limepakana na Tibet, mashariki na Nepal. Nusu ya magharibi wanaiita Garhwal, ya mashariki Kumaon. Likizo zikifika wenzangu walikuwa wanakimbilia Delhi au Goa, mimi nakata tiketi ya basi la serikali pale Rishikesh napanda milimani. Msidhani nilikuwa mcha Mungu sana. Nauli ilikuwa ndogo na bwenini kulikuwa na joto la kuivisha maembe.

Kutoka Rishikesh basi linaifuata Ganga kwa kilomita kama 70, barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, mto uko chini kabisa bondeni. Unafika kimji kinaitwa Devprayag. Hapo chini ya ngazi za hekalu mito miwili inakutana: Bhagirathi na Alaknanda. Kwenye ncha ya mwamba wamejenga kibaraza na kufunga minyororo ya chuma, anayetaka kuoga anashika mnyororo, la sivyo maji yanaondoka naye. Rangi hazifanani. Siku niliyofika mara ya kwanza mmoja ulikuwa kijani kama chupa ya soda, mwingine kama chai ya maziwa, na ilienda bega kwa bega kidogo kabla ya kuchanganyika. Wenyeji wanaiita mama mkwe na mkamwana. Bhagirathi ndiye mama mkwe, makelele matupu, anakuja akigonga mawe. Alaknanda ni mkamwana, anapita kimya.

Kuanzia hapo kwenda chini ndipo jina Ganga linapoanza. Juu ya hapo hakuna mto rasmi unaoitwa Ganga peke yake.

Sasa sikilizeni. Mwenye maji mengi ni mkamwana. Wapima maji wakiulizwa chanzo cha Ganga wanaufuata Alaknanda hadi juu ya mji wa hekalu wa Badrinath, kwenye barafuto mbili, Satopanth na Bhagirath Kharak. (Barafuto ni lile pande la barafu linalojaza bonde na kuteremka polepole, mwaka baada ya mwaka.) Mahujaji wakiulizwa wanaufuata Bhagirathi hadi Gaumukh, maana yake kinywa cha ng'ombe, pale maji yanapochomoka kwenye mdomo wa barafuto ya Gangotri, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Barafuto yenyewe ina urefu wa kama kilomita 30. Mkamwana analisha nyumba, jina la nyumba analo mama mkwe.

Sababu ni hadithi. Mfalme Bhagiratha alifanya toba miaka na miaka ili Ganga ishuke kutoka mbinguni ikayaoshe majivu ya mababu zake 60,000. Mungu wao Shiva akaupokea mto kwa nywele zake usije ukaipasua dunia. Bhagiratha akatangulia mbele na mto ukamfuata nyuma. Mkono uliomfuata ndio ukaitwa kwa jina lake, na ndio wenye heshima hadi leo.

Mngedhani ni kisa kimoja tu. Nendeni magharibi kwenye Yamuna, ule unaopita Delhi na Agra. Unatoka Yamunotri, chini ya mlima Bandarpunch. Karibu na Kalsi unapokea mto unaoitwa Tons, na Tons una maji mengi kuuzidi Yamuna wenyewe! Lakini ukishaungana, jina ni Yamuna. Tons unameza kimya.

Dai langu ni hili: kule jina la mto limefuata miguu ya watu waliokuwa wanapanda kwenda kusali. Kipimo cha maji kimekuja juzi. Nipingeni.

#2 Kijiwe Namba Nane

Uzi tayari. Nimekaa na karanga zangu.

#3 Mbishi wa Bububu

Mwanzisha uzi, unaandika vizuri lakini umeruka mambo. "Mwenye maji mengi ni Alaknanda", haya, mengi kwa nini? Urefu unalingana, kama kilomita 200 kila mmoja, nimeangalia ramani. Tuambie huo mwingine anayapata wapi hayo maji.

#4 Mpanda Basi

Shekhe, swali zuri. Anayapata njiani. Alaknanda ni kama basi la mikoani, halipiti kituo bila kupakia.

Unaanza juu ya Badrinath. Pale kijiji cha Mana, karibu na mpaka wa Tibet, unapokea kamto kanaitwa Saraswati kanakotoka kwa kishindo ndani ya ufa wa mwamba. Chini ya mji wa Joshimath unakutana na Dhauliganga, na mahali hapo panaitwa Vishnuprayag. Prayag ni makutano ya mito, kwa hiyo kila ukiona neno hilo kwenye ramani jua kuna mto umeingia. Nandaprayag umeingia Nandakini. Karnaprayag umeingia Pindar, unaotoka barafuto ya Pindari upande wa Kumaon. Rudraprayag umeingia Mandakini, ule wa hekalu la Kedarnath. Cha tano ni Devprayag, na hapo ndipo unampokea Bhagirathi. Wanaita Panch Prayag, makutano matano, na kuna mahujaji wanaoga kote kutano.

Kwa hiyo ukifika Devprayag, Alaknanda ameshabeba mito minne mikubwa mgongoni.

#5 Wa Nyeri

Sasa nyinyi mnataja Rudraprayag na hamjasema neno kuhusu kaburi lililoko huku kwetu!

Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simbamarara wala watu, alizaliwa Nainital, Kumaon, mwaka 1875. India ilipopata uhuru 1947 alihama na dada yake Maggie wakaja Nyeri, wakakaa kwenye kile kijumba cha Paxtu pale hoteli ya Outspan, alikokuwa amekaa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Alikufa 1955, amezikwa kanisa la St Peter's, mimi nimepita hapo mara nyingi nikienda sokoni. Usiku ule wa Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alipokuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti, na babake akafariki kule Uingereza, Corbett alikuwa juu ya mti huo huo akilinda.

Kisa chenyewe kinahusu mto. Kati ya 1918 na 1926 chui mmoja wa Rudraprayag aliua watu 125 kwa hesabu ya serikali, kwenye njia ileile ya mahujaji. Corbett aligundua kwamba chui haogelei Alaknanda. Maji ni ya barafu na yanakimbia mno. Akitaka kuvuka ng'ambo anatumia madaraja ya kamba za chuma kama binadamu. Basi akawa anaziba madaraja kwa miiba usiku ili amfungie upande mmoja, na yeye mwenyewe akakesha usiku 20 juu ya mnara wa daraja akimsubiri. Hakuja. Alimuua Mei 1926 mahali pengine, chini ya mwembe pembeni mwa njia.

Kwa hiyo kuna wakati Alaknanda ulikuwa ukuta. Waliokuwa ng'ambo ile walilala milango wazi, na wa ng'ambo hii wamejifungia.

#6 Kijiwe Namba Nane

Chui kuzibiwa daraja kama daladala lisilo na leseni. Nimecheka hadi karanga zimemwagika.

#7 Mzaliwa wa Rutovu

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Sisi Warundi hili la chanzo tunalijua. Kwetu Rutovu kuna piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima, imeandikwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Maji yake yanaingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera. Majirani zetu Wanyarwanda wanasema hapana, chanzo kiko msitu wa Nyungwe kupitia Nyabarongo. Ruvubu na Nyabarongo zinakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, na hadi leo hakuna anayekubali kushindwa.

Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi tunabishania urefu. Hao wa Devprayag wanabishania heshima.

#8 Mpanda Basi

Mzaliwa wa Rutovu, umeniwahi. Kule hata hawabishani sana. Mhandisi wa maji atakwambia asubuhi chanzo ni Alaknanda, jioni utamkuta anajaza chupa Gangotri kumpelekea mama yake.

#9 Bwana Chai wa Mufindi

Mkuu, Kumaon umeiruka kama vile haina mito. Mimi nilikaa Almora, mji wa Kumaon, miezi saba kwa kazi ya mashamba ya chai, naomba niseme kidogo.

Mto wa mpakani ni Kali. Upande huu India, upande ule Nepal, na mpaka huo uliwekwa na mkataba wa Sugauli wa 1816 baada ya Waingereza kuwapiga Wagurkha. Mkataba ulisema mpaka ni mto Kali. Haukusema Kali ni upi! Juu kabisa milimani mto unagawanyika, Nepal wanasema mkono halisi ni ule unaotoka Limpiyadhura, India wanasema Kali inaanzia Kalapani. Kati ya mikono hiyo miwili kuna kipande cha nchi. Mwaka 2020 Nepal walichapisha ramani mpya yenye kipande hicho ndani, bunge lao likaibandika kwenye nembo ya taifa. Kwa hiyo mwanzisha uzi, hoja yako ya jina na maji ukiipeleka Pithoragarh, kule mpakani, itakukutanisha na wanajeshi.

Kali maana yake nyeusi. Pale Jauljibi unapokea mto unaoitwa Gori, maana yake nyeupe, unaotoka barafuto ya Milam. Kila Novemba kuna gulio hapo, zamani Wabhotia, wafanyabiashara wa milima ya juu, walikuwa wanashusha sufu na chumvi ya Tibet, hadi vita vya India na China vya 1962 vilipofunga njia. Ukishuka tambarare jina linabadilika, unaitwa Sharda.

Halafu kuna Ramganga na Kosi (si ile Kosi ya Bihar, msichanganye). Hii haina barafuto. Inategemea mvua na chemchemi. Wenyeji wana visima vya chemchemi vilivyojengwa kwa mawe, wanaviita naula, vingine vina karne kadhaa na vimechongwa kama vihekalu. Vingi vimekauka. Watu wakisikia Himalaya wanawaza barafu inayoyeyuka, lakini bibi wa Almora anayebeba ndoo hana habari na barafu, ana habari na naula yake.

#10 Mpanda Basi

Bwana Chai, nimepokea kwa mikono miwili. Na hapo umenifungulia jambo nililotaka kulisema: maneno yao. Kijito kinachoteremka pembeni ya kijiji wanakiita gadhera. Kikubwa zaidi ni gad. Mto mkubwa wa barafu unapewa mkia wa ganga: Dhauliganga, Rishi Ganga, Birehi Ganga. Kwa hiyo "ganga" kule juu ni kama cheo.

Shida ni kwamba anayeua mara nyingi si mwenye cheo. Agosti 5, 2025, kijiji cha Dharali kwenye njia ya Gangotri kilifukiwa na tope kwa muda mfupi mno, hoteli za ghorofa zikikunjwa kama maboksi. Watu waliona video wakasema Bhagirathi imefurika. Bhagirathi ulikuwa pale pale ulipo. Kilichoshuka ni Kheer Gad, kijito cha pembeni. Ile ardhi bapa waliyojenga juu yake ni mchanga na mawe yaliyoletwa na kijito hichohicho huko nyuma.

#11 Mama Salha wa Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi si msomi wa mito, nina jambo moja.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa hapa hapa Mombasa na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alipofariki walimchoma, kisha mwanawe akapanda ndege na majivu hadi Haridwar, pale Ganga inapotoka milimani na kuingia tambarare. Aliporudi alinihadithia kitu kilichonishangaza. Kuna makasisi pale wanaotunza vitabu virefu vya ukoo, akataja jina la kijiji cha babu, wakamfungulia ukurasa wenye mwandiko wa babu yake mwenyewe, aliyepita hapo kabla hajapanda jahazi kuja Afrika. Naye akaandika jina la babake chini yake. Kwa wino, na "Mombasa" kando.

Alinipa kichupa cha maji. Nimekiweka kabatini, mimi Mwislamu, lakini ni amana ya jirani.

#12 Wa Nyeri

Mama Salha, shikamoo. Hii imenigusa.

#13 Mbishi wa Bububu

Mama, shikamoo umekwishapewa yako. Mimi naongeza kubisha kidogo: pale Har ki Pauri, Haridwar, wanapooga, hapako kwenye mkondo mkuu wa mto. Ni mkono ulioelekezwa kwa kazi ya binadamu, kutoka humo ndimo unatoka mfereji wa Ganga uliochimbwa na Proby Cautley na kufunguliwa 1854. Mwaka 1916 Wahindu wakiongozwa na Madan Mohan Malaviya walibanana na serikali ya Kiingereza hadi ikakubali maji yapite pale bila kuzuiwa. Kwa hiyo tena jina limehama, mto mtakatifu ni ule watu waliouoga. Mwanzisha uzi, ona, nimekuja kukupinga nimeishia kukujengea hoja. Najuta.

#14 Fundi Mabwawa

Nimesoma kimya, sasa niingie. Kazi yangu ni mabwawa, wapi msiulize.

Bwawa la Tehri liko kwenye Bhagirathi, chini kidogo ya pale unapoingia mto Bhilangana. Kimo chake mita 260.5, la Nyerere kule Rufiji ni mita 131. Lakini Tehri lilianza na megawati 1,000 wakati la Nyerere ni 2,115. Watu hushangaa. Kimo si megawati: unazidisha kimo cha maporomoko na wingi wa maji, na Rufiji ni mto mpana wa tambarare uliokusanya nchi nzima ya kusini, Bhagirathi ni mto wa korongo.

Chini ya lile ziwa kuna mji. Tehri ya zamani ilikuwa makao ya wafalme wa Garhwal tangu 1815. Mwanaharakati wa mazingira Sunderlal Bahuguna alilipinga bwawa kwa kufunga kula mara kadhaa, akaishi kibandani kando ya mto. Oktoba 2005 handaki za mwisho zilifungwa, maji yakapanda. Na hiyo rangi ya kijani uliyoiona Devprayag, ndugu Mpanda Basi, ndiyo sababu yake: tope la Bhagirathi linatua Tehri, maji yanatoka chini yamechujwa. Mama mkwe kanyolewa.

Lakini bwawa ninalotaka kuwahadithia halikujengwa na mtu. Septemba 1893 mlima uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna, ukaziba Birehi Ganga, tawi la Alaknanda. Zuio la udongo na mawe lenye kimo cha karibu mita 270, yaani kama Tehri, limetengenezwa na mlima wenyewe. Nyuma yake ziwa likaanza kujaa. Waingereza walituma mhandisi, Pulford, akapima kasi ya kujaa akasema: maji yatafika juu katikati ya Agosti mwaka ujao. Hakujaribu kulitoboa. Walivuta waya wa telegrafu kutoka Gohna hadi chini Haridwar, wakang'oa madaraja ya kamba wakayaweka kando, wakasimamisha nguzo kwenye mabonde kuonyesha maji yatafika wapi, wakahamisha watu juu ya nguzo hizo. Kisha wakasubiri karibu mwaka mzima.

Usiku wa Agosti 25, 1894 likapasuka. Mji wa Srinagar (wa Garhwal, si ule wa Kashmir) ulifagiliwa wote. Waliokufa ni watano, fakiri mmoja na jamaa zake. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakarudi chini kisirisiri.

Mwaka 1894, bila setilaiti. Kila nikisoma ripoti ya maafa ya siku hizi nawaza ile waya.

#15 Kijiwe Namba Nane

Fundi, hapa umenyamazisha kijiwe.

#16 Mpanda Basi

Fundi asante sana. Niendelezee mkia wake, maana hilo ziwa halikuisha lote. Lililobaki lilibomoka Julai 1970 kwenye mvua kubwa, Alaknanda ikachukua madaraja na magari. Wanavijiji wakaunganisha mambo: milima imekatwa miti, udongo hauna wa kuushika. Machi 1974 wakata miti walipofika kijiji cha Reni wanaume hawapo, Gaura Devi akatoka na wanawake wenzake 27 wakakumbatia miti usiku kucha. Ndiyo harakati ya Chipko hiyo, neno lenyewe maana yake kukumbatia, kung'ang'ania.

Reni iko kando ya Rishi Ganga. Februari 7, 2021, asubuhi ya jua, katikati ya baridi, bila tone la mvua, pande la mwamba na barafu lilibanduka kwenye mlima wa Ronti. Wanasayansi walilipima: mita za ujazo kama milioni 27, sehemu kubwa mwamba. Lilianguka karibu mita 1,800, barafu ikasagika ikawa maji, likawa tope linalokimbia. Likaufuta mtambo mdogo wa umeme wa Rishi Ganga pale pale Reni, likaingia Dhauliganga na kupiga kazi ya ujenzi wa mtambo wa umeme wa Tapovan ambako vijana walikuwa ndani ya handaki. Zaidi ya watu 200 walikufa au hawakuonekana tena. Kijiji kilekile.

#17 Kamba na Shoka

Wapanda milima tupo? Hiyo Rishi Ganga ina damu ya Kenya kidogo.

Mlima Nanda Devi, mita 7,816, umezungukwa na duara la vilele, na tundu pekee la maji kutoka humo ndani ni korongo la Rishi Ganga. Miaka hamsini watu walijaribu kuingia wakashindwa. Waliofanikiwa mwaka 1934 ni Eric Shipton na Bill Tilman, waliokuwa walowezi Kenya na kukwea pamoja Mlima Kenya mwaka 1930. Walikuwa na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, ambao vitabuni huwa wanatajwa mwisho ilhali mizigo waliibeba wao. 1936 Tilman akarudi akafika kileleni na Noel Odell.

Na kuna kituko. 1965 CIA pamoja na Wahindi walipandisha mtambo unaotumia plutoniamu kwenda kupeleleza majaribio ya nyuklia ya China. Dhoruba ikawarudisha, wakauacha umefungwa mlimani. Waliporudi mwaka uliofuata haukuwapo. Hadi leo. Mafuriko ya 2021 yalipotokea wazee wa Reni wakauliza kama ni ule mtambo. Wanasayansi wanasema hapana, ni mwamba ulibanduka. Ila ningekuwa mimi nakunywa maji ya mto ule, ningeuliza vilevile.

#18 Wakili wa Kijiweni

Wadau, mmeisahau kesi. Machi 2017 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilitamka kwamba Ganga na Yamuna ni watu kisheria, wenye haki, na maofisa kadhaa wa serikali wakateuliwa kuwa walezi wao. Serikali ya jimbo ikakimbia Mahakama ya Juu Delhi na hoja moja tamu: mto ukifurika ukaua watu, marehemu watamshtaki nani, mlezi? Julai mwaka huohuo amri ikasimamishwa.

Nauliza kwa utani wa kisheria: kama Ganga ni mtu, alizaliwa wapi? Cheti cha kuzaliwa kiandikwe Gaumukh au Satopanth?

#19 Mbishi wa Bububu

Kiandikwe Devprayag. Hapo ndipo alipopewa jina. Mtoto wa kwetu haitwi kitu kabla ya siku ya saba.

#20 Mpanda Basi

Aisee. Mbishi kamaliza kesi.

#21 Binti Lushoto

Jamani mimi nimechaguliwa chuo Dehradun, naondoka Julai inshallah. Huu uzi umenipa hamu na hofu kwa pamoja. Kaka Mpanda Basi, nikitaka kufika huko Devprayag nifanyeje? Na Kedarnath kukoje? Nasikia 2013 kulitokea mabaya.

#22 Mpanda Basi

Mdogo wangu, hongera. Usiende Julai wala Agosti hata wakikushawishi, hiyo ni masika yao na barabara inaporomoka kila siku. Kaa Dehradun usome.

Kedarnath, mwaka 2013 mvua ilikuja mapema, Juni, msimu wa mahujaji umejaa. Juu ya hekalu kulikuwa na ziwa dogo la Chorabari lililozuiwa na kifusi cha barafuto. Asubuhi ya Juni 17 kingo zikaachia, Mandakini ikashuka na mawe ya ukubwa wa nyumba. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au kupotea bondeni kote. Jiwe moja likakwama nyuma ya hekalu likayagawa maji pande mbili, hekalu likabaki. Leo jiwe hilo linasujudiwa, wanaliita Bhim Shila. Nenda ukiwa umepumzika, ni mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Devprayag ni rahisi. Oktoba, mvua ikishakata, panda basi la alfajiri Rishikesh, kaa dirisha la upande wa bondeni. Chukua sweta, hata kama mjini kuna jua. Ukifika teremka ngazi zote hadi chini kwenye kibaraza, na usiache mnyororo.

#23 Binti Lushoto

Siachi. Nikifika naleta picha humu.

#24 Mama Salha wa Mombasa

Mwanangu, ukipita Haridwar niletee kichupa kingine. Kile cha kwanza mjukuu kakivunja jana, nilikuwa sijui niseme vipi.